Muhuri Uliotangulia Stempu

Ndugu msomaji, ikiwa katika kabati la mzee wako kuna bunda la barua za zamani, zitoe uzitazame, lakini usianze na picha nzuri za stempu. Tazama kwanza lile doa jeusi lililopita juu yake, ambalo watu wengi hulihesabu kuwa ni uchafu tu. Humo mna jina la mji, mna tarehe, na pengine mna saa ambayo barua ilipita mkononi mwa karani. Na mara moja moja, ukiwa na bahati, utakuta humo maneno machache ambayo hayakuandikwa na mwenye barua wala hayamhusu aliyeandikiwa. Ni maneno ya serikali, ikisema na watu wote kwa wakati mmoja.

Muhuri wa posta ni mkongwe kuliko stempu. Mwaka 1661 watu wa London walikuwa wakinung'unika kwamba matarishi wanazikalia barua zao. Henry Bishop, aliyekuwa mkuu wa posta ya Uingereza wakati huo, akaanzisha alama ndogo ya duara yenye mwezi na siku, ili tarishi asipate tena kudai kuwa barua ameipokea jana. Stempu ya kwanza ya kubandika ilitoka huko huko Mei 1840, takriban miaka 180 baadaye, na hapo muhuri ukaongezewa kazi ya pili: kuichafua stempu ili mjanja asiibandue na kuitumia tena. Kazi ya tatu, yaani kusema jambo, ilikuja pole pole. Mwishoni mwa 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, posta ya Uingereza ilianza kugonga barua kwa maneno ya kuwahimiza raia wanunue dhamana za vita. Tangu hapo serikali nyingi zikatambua kuwa zina gazeti lisilohitaji kununuliwa, nalo huingia mpaka chumbani mwa mtu.

Lakini muhuri una sifa nyingine ambayo haionekani upesi, na ndiyo inayotuhusu leo. Stempu ni kitu cha taratibu. Mchoraji achore, wakubwa waafiki, fundi achonge, kiwanda kichape, karatasi zitobolewe vitundu vya kukatia, kisha mzigo usafirishwe hadi posta ya mwisho kabisa kijijini. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, na pengine ya mwaka. Muhuri ni kipande cha chuma au cha mpira ambacho fundi mmoja hodari aweza kukichonga kwa siku chache. Kwa hiyo taifa likizaliwa ghafla, sauti yake ya kwanza katika posta aghalabu hutoka katika muhuri, na stempu hufuata nyuma.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa India.

Nchi hiyo haikuwa ngeni katika mambo haya. Tarehe 18 Februari 1911, kwenye maonyesho yaliyofanyika Allahabad, rubani kijana wa Kifaransa aitwaye Henri Pequet alipakia barua zipatazo 6,500 katika ndege yake, akavuka mto Yamuna na kutua Naini, umbali wa kilomita 10 hivi. Safari yenyewe haikuzidi robo saa, lakini ndiyo inayohesabiwa kuwa safari ya kwanza rasmi ya barua kwa ndege duniani. Barua hizo ziligongwa muhuri maalumu wenye picha ya ndege na milima, kwa wino wa rangi ya zambarau nyekundu. Wakusanyaji wanazitafuta mpaka leo. Hata hivyo ule ulikuwa muhuri wa maonyesho, uliotolewa na serikali ya kikoloni kwa kusherehekea ufundi wa watu wengine. Wenye nchi walikuwa watazamaji.

Sasa njoo mwaka 1947. Tarehe 3 Juni, Lord Mountbatten, gavana mkuu wa mwisho wa Kiingereza mwenye cheo cha Viceroy, alitangaza mpango wa kuigawa India kuwa nchi mbili na kuwakabidhi wenyewe madaraka. Siku ya makabidhiano ikawekwa tarehe 15 Agosti. Hesabu mwenyewe: ni siku 73. Katika siku hizo ilibidi wagawane jeshi, reli, hazina, magereza, meza na viti vya ofisi, hata mashine za kupigia chapa. Wafanyakazi wa serikali, makarani wa posta wakiwa miongoni mwao, walitakiwa wachague watatumikia upande upi. Mpaka wenyewe ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru, na mamilioni ya watu wakajikuta njiani na mizigo vichwani, wengi wasifike walikokuwa wakienda. Nani angeshughulika na stempu katika zahama ile?

Stempu hazikuwa tayari. Siku uhuru ulipoingia, posta zote za India zilikuwa na stempu zile zile za jana, zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita. Watu wa Ireland, walipofikwa na jambo kama hilo mwaka 1922, walichapa jina la serikali yao juu ya uso wa mfalme, na tutaona kwamba Pakistan nayo ilifanya vivyo hivyo. India haikufanya hivyo. Ilichonga muhuri wenye maneno mawili: *Jai Hind*.

Maana yake ni "Ushindi kwa India." Kwa mtu asiyejua asili yake yaweza kuonekana kuwa ni salamu ya kawaida tu ya sikukuu. Asili yake si ya kawaida hata kidogo. Hiyo ilikuwa salamu ya Jeshi la Taifa la India, jeshi la Subhas Chandra Bose, lililoundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na kupigana bega kwa bega na Wajapani dhidi ya Waingereza. Vita vilipokwisha, maafisa wa jeshi hilo walipelekwa katika Ngome Nyekundu mjini Delhi, mwishoni mwa 1945, wakashtakiwa kwa kosa la kumpiga vita Mfalme. Kesi ile iliwasha moto nchi nzima. Basi haikupita hata miaka miwili tangu kesi ianze, na salamu ya washtakiwa ikawa katika wino wa serikali, ikigongwa juu ya kichwa cha mfalme yule yule waliyeshtakiwa kwa kumpiga vita.

Tafadhali tua hapo kidogo. Hakuna aliyeamuru kwamba muhuri umfunike mfalme usoni. Kanuni ya posta ndiyo inayotaka hivyo: stempu lazima ichafuliwe. Karani alikuwa akitimiza kanuni iliyowekwa na wakoloni wenyewe, na kwa kuitimiza alikuwa akitangaza kwamba zama zao zimekwisha. Mimi naiona bahasha ya namna hiyo kuwa ni hati ya historia iliyo kamili kuliko stempu yoyote ya ukumbusho, kwa sababu zama zote mbili zimo ndani yake, moja chini na moja juu.

Wasomaji wetu walio wafanyakazi watapenda kujua jambo jingine juu ya mikono iliyoushika muhuri huo. Mwaka mmoja tu kabla, Julai 1946, wafanyakazi wa posta na simu wa India waliacha kazi nchi nzima wakidai maslahi yao, na barua zikalala. Hao hao ndio waliorudi mezani. Wakati wa uhuru India ilikuwa na posta 23,344, na kati ya hizo 19,184 zilikuwa vijijini. Nchi ambayo watu wake wengi hawakujua kusoma ilikuwa tayari na mtandao huo mkubwa, na kwa wanakijiji wengi mtu wa serikali waliyemjua kwa sura alikuwa mleta barua, ambaye mara nyingi ndiye pia aliyewasomea.

Stempu ya kwanza ya taifa jipya ilitoka tarehe 21 Novemba 1947, miezi mitatu na siku chache baada ya uhuru. Ilikuwa ya ana tatu na nusu, yenye bendera ya taifa, na ilikusudiwa barua za ng'ambo. (Vijana wasioijua ana: kumi na sita zilifanya rupia moja, na wazee wa Unguja walihesabu kwa rupia mpaka mwishoni mwa 1935, kabla ya shilingi kuingia.) Tarehe 15 Desemba zikafuata nyingine mbili, moja ya ana moja na nusu yenye simba wa nguzo ya Ashoka, na moja ya ana kumi na mbili yenye ndege. Zote tatu zilikuwa na tarehe ya uhuru, na zote tatu zilikuwa na maneno *Jai Hind*. Muhuri ulitangulia, stempu zikaja zikarudia maneno yake.

Wala mfalme hakuondoka mara moja. Stempu za matumizi ya kila siku zenye kichwa chake ziliendelea kubandikwa hadi seti mpya ya tarehe 15 Agosti 1949, yenye majengo na sanamu za kale, ilipoanza kushika nafasi yake. Kwa miaka miwili, basi, mwananchi huru alikuwa akilamba mgongo wa mfalme wa watu ili barua yake ifike. Wapo watakaoona aibu katika jambo hilo. Mimi naona busara: karatasi ipo, gundi ipo, nchi ni maskini, na wakimbizi wanahitaji mahema kuliko stempu.

Pakistan ilikuwa na tatizo kubwa zaidi. Mitambo ya kuchapia stempu ilikuwa Nasik, na Nasik ilibaki India. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 1947 zilitumika stempu za India zilizopigwa chapa ya jina PAKISTAN, nyingine zikiwa zimechapwa huko huko Nasik, yaani katika kiwanda cha jirani waliyetengana naye kwa damu. Hizo hazikutosha. Basi katika miji mingi makarani wenyewe walichonga mihuri yao wakaigonga kwa mkono juu ya uso wa mfalme, kila posta kwa herufi zake na wino wake. Stempu zake kamili zilitoka tarehe 9 Julai 1948. Ukizitazama vizuri utaona kwamba zimeandikwa 15 Agosti 1947, ingawa leo Pakistan huadhimisha uhuru wake tarehe 14.

Hatuwezi kuiacha India bila kumtaja Gandhi, ambaye mwaka 1893, akielekea Afrika Kusini akiwa wakili kijana, alipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Uhuru ulipotimiza mwaka mmoja, tarehe 15 Agosti 1948, zilitolewa stempu nne zenye sura yake, na chini yake neno *Bapu*, maana yake baba, kwa hati mbili: ya Kihindi na ya Kiurdu. Kuandika kwa hati zote mbili, mwaka mmoja tu baada ya mauaji yale, halikuwa jambo dogo. Lakini katika stempu hizo mna kichekesho kichungu pia. Mtu aliyewafundisha watu wake wavae kitambaa walichosokota wenyewe, stempu zake zilichapwa Uswisi. Na mojawapo ilikuwa ya rupia kumi, fedha ambayo mkulima aliyempenda asingeithubutu kuitoa kwa barua. Kwa bahati nzuri ndogo kabisa ilikuwa ya ana moja na nusu, hiyo ikaingia kila nyumba. Ile ya rupia kumi, katika toleo dogo lililopigwa chapa ya SERVICE kwa ajili ya ofisi ya gavana mkuu, inajulikana kubaki nakala 13 tu mikononi mwa watu, na nne zilizoshikana ziliuzwa Uingereza mwaka 2017 kwa paundi nusu milioni.

Jamhuri ilipotangazwa tarehe 26 Januari 1950, hapakuwa na haraka tena. Stempu nne zilikuwa tayari siku ile ile: umati unaoshangilia, kalamu na wino, suke na jembe la kukokotwa, gurudumu la kusokotea nyuzi. Tangu hapo mihuri ya ukumbusho ikazidi mwaka hadi mwaka, kwa mikutano, maonyesho, mahekalu, vyuo na wanyama. Nitasema waziwazi kwamba mingi ya siku hizi hainivutii. Muhuri unaochongwa ili wakusanyaji waununue, na ambao hautagusa barua hata moja ya mtu anayemsalimu mamaye, ni pambo tu.

Kwetu Afrika Mashariki uhusiano na Posta ya India ni wa zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Posta ya kwanza ya Unguja ilifunguliwa mwaka 1868, nayo ilikuwa tawi la Posta ya India. Ilifungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena 1875, na ikaendelea chini ya India hadi 1895. Barua ya mfanyabiashara wa karafuu iliondoka Forodhani ikiwa na stempu ya India. Zanzibar ilipopewa posta yake mwaka 1895, stempu zake za kwanza zilikuwa hizo hizo za India, zimepigwa chapa ya neno "Zanzibar" juu ya uso wa Malkia Victoria. Mtindo wa kuanza upya kwa kuandika juu ya karatasi ya jana tulikuwa nao tangu mwanzo.

Tanganyika, kwa upande wake, ilikuwa na nafasi ya kujitayarisha. Siku ya uhuru ilijulikana mapema, na tarehe 9 Desemba 1961 madirisha ya posta yalikuwa na stempu mpya kabisa, mojawapo ikiwa na mwenge juu ya Kilimanjaro, usiku ule ule ambao Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge wenyewe kileleni. Mambo yalikwenda kwa mpango, na kwa sababu hiyo hakuna mengi ya kusimulia.

Zanzibar ndiko kwenye kisa. Tarehe 10 Desemba 1963 zilitolewa stempu nne za uhuru zenye sura ya Sultani Jamshid na maneno UHURU 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yalitokea Mapinduzi. Sultani aliondoka, lakini uso wake ulibaki katika kila droo ya posta, na pamoja nao uso wa baba yake, Sultani Abdulla bin Khalifa, uliokuwa katika stempu za kila siku tangu 1961. India ilipata siku 73. Hapa zilipita tano. Tarehe 17 Januari stempu hizo hizo zilianza kuuzwa zikiwa zimegongwa kwa mkono, kwa muhuri wa mpira, maneno mawili: JAMHURI 1964.

Nani alikaa akazigonga? Makarani wa posta, karatasi baada ya karatasi, stempu baada ya stempu. Kazi ya mkono ina alama za mkono. Ziko zilizogongwa kichwa chini miguu juu, ziko zilizogongwa mara mbili, ziko zilizopinda. Mkusanyaji huziita makosa na kuzilipia fedha nyingi. Aliyezigonga alikuwa anajitahidi tu barua zisisimame. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Februari, zikaja zilizopigwa chapa kiwandani, zilizonyooka safi, na zile za mkono zikakoma.

Ikiwa ndugu msomaji unayo mojawapo ya zile stempu za uhuru zilizopitiwa na muhuri huo, soma maneno yote yaliyomo kwa mpangilio: UHURU 1963, JAMHURI 1964. Yote mawili ni ya Kiswahili, yote mawili yako katika kipande cha karatasi kisichozidi vidole viwili, na kati ya la kwanza na la pili kuna siku 38.

Ombi moja kwa wenye watoto wapendao kukusanya stempu. Mtoto akipata barua ya zamani, desturi ni kuichana pembe, kuiloweka katika bakuli la maji na kuibandua stempu. Akifanya hivyo muhuri hukatika, nusu ikabaki kwenye bahasha inayotupwa, na pamoja nayo hupotea mji, tarehe na maneno. Mwambie aiache bahasha nzima. Asiandike juu yake kwa kalamu ya wino, asiibandike kwa gundi katika daftari, na aiweke pakavu, ndani ya bati lenye kifuniko, mbali na mende na mchwa. Bahasha za barua za mkono hazizaliwi tena kwa wingi kama zamani, na zile zilizopo zinapungua kila nyumba inapofagiliwa.

Juni 1964 Zanzibar ilitoa stempu zake mpya za Jamhuri, zenye pinde, mishale na minyororo iliyokatika. Muungano ulikuwa umekwisha fungwa tangu tarehe 26 Aprili, na mwezi Julai zikatoka za Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, zenye ramani ya nchi mbili, na mikono iliyoshika mwenge na mkuki. Ajabu ni kwamba, pamoja na jina hilo refu lililoandikwa juu yake, stempu hizo ziliuzwa Tanganyika peke yake. Ukizibandika kwenye barua Unguja, hazikutambuliwa. Posta mbili ziliendelea hivyo, kila moja na stempu zake, mpaka usiku wa tarehe 31 Desemba 1967. Kesho yake, barua iliyotiwa katika sanduku la posta Unguja na ile iliyotiwa Dar es Salaam zilikuwa na stempu ya aina moja, ya Tanzania, na tofauti ya kutokea kwake ikawa ni ya kusoma katika muhuri.